Jina Lako Kwenye Kibao cha Sweta

Bahati, Nairobi
Jumapili jioni

Mwanangu Wairimu,

Hali yako sikuulizi, kwa sababu nimekuona saa nane ukila viazi na kunilalamikia chumvi. Najua u mzima. Asiye mzima sana ni mimi, ndiyo maana nimekaa kwenye stuli ya mashine nikashika kalamu badala ya uzi. Umekwenda kuwaaga akina mama wa kanisa, na ninavyowajua, hawatakuachia mpaka kila mmoja amekuombea kwa zamu na kukunywesha chai. Nina muda wa kutosha. Moyo wa kutosha ndio sijui kama ninao.

Kesho unapanda treni kwenda Kisumu kuanza kazi ya ukarani katika ofisi ya wilaya. Mama Akinyi wa mlango wa pili, ambaye kwao ni huko, ameshakupa majina ya shangazi na binamu wa kukutosha mwaka mzima. Kwa hiyo mimi sitakuambia uchemshe maji ya kunywa, wala ufunge mlango, wala usimwazime mtu mwavuli. Hayo unayajua kunishinda, na ukisahau utajifunza kwa mvua. Ninalotaka kukuambia ni jambo moja nililokuficha, na limeandikwa kwa jina lako.

Nianze na hilo jina basi, kwa sababu ndipo nilipokosea.

Wewe ulizaliwa bila upande wa baba. Kwetu mtoto wa kike wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, lakini baba yako alitupa kisogo kabla hujafungua macho, na nafasi ile ikabaki tupu. Nikaijaza na jina la mama yangu. Ukawa Wairimu kama yeye, na kwa desturi nikawa nakuita maitu, yaani mama yangu. Ulipokuwa na miaka minne ulivimba kichwa kwa ajili ya hilo. Ulisimama mlangoni mikono kiunoni ukaniambia, "Mimi ni mama yako, nipikie chapati." Nilikuchapa kidogo, kisha nikakugeuzia mgongo nicheke.

Cucu yako, huyo mama yangu, ndiye aliyetuweka mjini. Aliuza ng'ombe wake wa maziwa, wa pekee, akaniletea pesa zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa, nami nikanunua mashine hii ya kufuma kutoka kwa mama mmoja Mhindi wa Eastleigh aliyekuwa akihama nchi. Sikuwa na namna nyingine ya kumshukuru. Nikamlipa fundi wa rangi aandike kwenye kipande cha bati: WAIRIMU, SWETA ZA SHULE. Tukakitundika juu ya mlango. Wapita njia walidhani Wairimu ni wewe, na wewe pia ulidhani hivyo, ukawa unawaleta wenzako wa shule kusoma jina lako. Sikumsahihisha mtu. Wairimu wote wawili walikuwa wangu.

Miaka ile ilikuwa mizuri. Kigari cha mashine kilikwenda huku na huku mpaka majirani wakawa wanajua saa kwa mlio wake. Walikuja wanawake kutoka Mathare wakitembea, wakinilipa kidogo kidogo kila Jumamosi. Na kila Januari mwalimu mkuu wa ile shule ya msingi unayoijua aliniagiza sweta sitini za kijani, shingo ya V. Oda ile ndiyo iliyokuwa kodi ya nyumba, karo yako, na uzi wa mwaka mzima.

Kisha ikaja kodi ya mauzo. Tuliisikia kwenye redio ya Mama Akinyi, na tukacheka. Walisema ni ya watengenezaji wa bidhaa. Mimi nilidhani wanasema viwanda vya Industrial Area, vyenye mabomba ya moshi na walinzi langoni. Mimi nina kiwanda gani? Kiwanda changu kilikuwa katikati ya kitanda na jiko. Lakini Januari ilipofika mwalimu mkuu aliniita ofisini, akavua miwani na kuipangusa, na nikajua kuna neno.

"Mama Wairimu," akasema, "mwaka huu siwezi kukulipa bila risiti yenye namba ya kodi. Wakaguzi wa hesabu wakija wataninyonga mimi."

"Sasa hiyo namba inauzwa wapi?"

"Haiuzwi. Unajaza fomu. Ukiwa huna, itabidi nichukue sweta duka la mjini, na mimi sitaki."

Nilikwenda mjini nikapanga foleni nusu siku, nikarudi na fomu. Ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza changu unakijua, kinaishia good morning. Wewe ulikuwa darasa la sita na mwandiko ambao mwalimu alikuwa akiwaonyesha wengine. Ulinawa mikono, ukaifuta meza, ukaketi kama hakimu. Mimi nilikuwa nakaanga vitunguu. Sijui kama unayakumbuka maneno tuliyosema siku ile. Mimi sijasahau hata moja.

"Hapa wanauliza jina la biashara," ukasema.

"Andika Wairimu."

"Na hapa wanauliza mwenye biashara."

"Si ni kitu kimoja? Andika Wairimu."

"Wairimu nani? Kuna nafasi ya majina mawili."

"Andika kama unavyoandika shuleni, maitu, vitunguu vinaungua!"

Ukaandika Wairimu Njeri, jina lako na langu, kwa herufi zilizosimama vizuri kama watoto kwenye paredi. Mahali pa kitambulisho ukaniuliza, nikakuambia paache wazi, wakitaka wataniuliza wenyewe. Hawakuuliza. Nikatia sahihi yangu ile ya mikunjo ambayo hata mimi siwezi kuisoma.

Hilo lilikuwa kosa la haraka na la ujinga, na kama lingeishia hapo nisingekuandikia barua ndefu. Cheti kiliporudi nilimpelekea mwalimu mkuu. Akakisoma, akanitazama juu ya miwani.

"Kumbe biashara ni ya msichana wako?"

Nikacheka. "Sisi ni kitu kimoja, mwalimu."

Nilipokuwa nikirudi nyumbani kicheko kiliniishia. Nilijua siku ileile kwamba kuna makosa, na kwamba ningeweza kurudi mjini kesho yake kuyasahihisha. Sikurudi. Nilijiambia kwamba nusu siku ya foleni ni sweta nzima iliyopotea. Hiyo ndiyo sababu niliyokuwa tayari kumwambia mtu. Ilikuwepo nyingine. Nilijisemea moyoni kwamba mambo yakiharibika watamtafuta Wairimu, na nani atamshika mtoto wa darasa la sita? Wazo lile nilikuwa nalo, maitu. Lilikuwa langu, na lilinipa usingizi.

Sasa nikuambie jinsi mambo yalivyoharibika, ili usije ukadhani niliibiwa au nilirogwa.

Kila mwezi walitaka fomu nyingine, nimeuza ngapi, kodi ni kiasi gani. Daftari nilikuwa nalo, lakini unalijua lilivyokuwa. Mama Otieno mbili, amebakisha. Baba Mwende moja ya buluu. Mama mapacha wa Mathare, tatu, atamaliza mwisho wa mwezi. Katika mtaa huu mtu akishazaa jina lake hulipata kwa mtoto, na mimi sikuwahi kumjua Mama Otieno kwa jina jingine mpaka alipolazwa hospitali tukashindwa kumpata wodini. Daftari la namna hiyo serikali haiwezi kulisoma.

Tena kodi ilikuwa ya kuongezwa juu ya bei. Kwa mwalimu mkuu niliongeza, na akalipa. Kwa mwanamke aliyetembea kutoka Mathare na sarafu zikiwa zimelowa jasho kiganjani ningeongeza nini? Sikuongeza, na siku ya kujaza fomu sikuandika kwamba nimemuuzia. Na zile pesa za kodi alizolipa mwalimu mkuu, ambazo hazikuwa zangu, nilizokuwa nimeshika tu nizipeleke mbele, nilizitia kwenye mkebe wa majani ya chai. Nilikuwa na nia ya kuzipeleka. Januari ukapata nafasi ya kidato cha kwanza, na orodha ya shule ikataka godoro, sanduku, viatu jozi mbili, na karo yote siku ya kwanza. Mkebe ukarudi kuwa wa majani ya chai.

Sikuambii haya ili ujione una hatia. Mtoto hula anachopakuliwa, haulizi kimetoka sokoni au kwa jirani. Nakuambia kwa sababu mtu akikupa kitu umshikie ukipeleke kwingine, mkono hukizoea upesi mno. Mimi nilishangaa jinsi mkono wangu ulivyozoea.

Halafu kulikuwa na miezi ya kufunga shule. Nani hununua sweta ya shule Aprili? Miezi hiyo sikupeleka fomu kabisa. Nilimuuliza Mama Akinyi, ambaye mume wake ni mtu wa reli na anajua mambo ya ofisi.

"Wewe nawe!" akaniambia. "Kama hujauza, unapeleka nini huko? Utapeleka hewa?"

Tulicheka mpaka akashika mbavu. Kumbe walitaka hiyo hewa. Walitaka niandike sifuri, nitie sahihi, nipeleke. Hawakujua kwamba sikuuza, walijua tu kwamba sikusema, na kwa kila mwezi niliokaa kimya walinihesabia faini. Mtu mzima anapigwa faini kwa kutouza! Mpaka leo nikilifikiria hilo damu hunichemka, nisikufiche.

Ulikuwa shuleni, kidato cha pili, alipokuja afisa. Kijana mpole, tai ya kijivu, faili kwapani. Alisimama chini ya kibao akakisoma, kisha akabisha hodi ingawa mlango ulikuwa wazi. Nilimpa kiti, akakataa chai.

"Wairimu Njeri ndio wewe?"

"Hapana."

"Ni nani kwako?"

Nikafungua kinywa, na neno lililotoka ni lile nililokuwa nimekuita tangu ukiwa mchanga. "Ni mama yangu," nikasema.

"Yuko wapi?"

Hapo ndipo ningeweza kusema, samahani bwana, ni lugha yetu tu, ni binti yangu, yuko shuleni, na mwenye mashine ni mimi. Yeye alikuwa ameinua kalamu akingoja. Nikasema, "Yuko nyumbani, Murang'a." Nikamtajia na kijiji. Akaandika, akanishukuru, akaenda zake.

Kwa desturi yetu sikusema uongo, na hata lile la Murang'a lilikuwa kweli, mama yangu yuko Murang'a na anaitwa Wairimu. Nilijivunia ujanja wangu siku mbili nzima. Siku ya tatu nilianza kuogopa, na hata hivyo sikufanya kitu.

Baada ya wiki kadhaa cucu yako aliitwa kwa chifu. Mjumbe alimwambia tu kwamba serikali inamdai kodi. Wewe hukumwona mama yangu akiwa kijana, lakini kodi kwa watu wa rika lake haikuwa makaratasi. Wakati wa mkoloni walikuja watu na bunduki wakahesabu nyumba, na asiyelipa alichukuliwa. Mama alizitunza risiti zote za marehemu babu yako kwa miaka hiyo yote, akizificha darini asizipate panya. Asubuhi ile alizifunga kwenye kanga, akatembea mpaka kwa chifu akiwa ameshika fimbo, akazipanga mezani moja moja. Alidhani wanamdai mume wake aliyekufa.

Karani wa chifu alicheka. Kisha akamsomea, sweta za shule, Nairobi, mwezi fulani hadi mwezi fulani. Mama hakuelewa. Aliwaambia hajawahi kufuma hata soksi. Wakamwambia aende nyumbani, wataandika barua kuuliza. Alifika kwake jua likizama, na wiki ileile akapanda basi akaja hapa, yeye ambaye Nairobi alikuwa hataki hata kuisikia.

Hakuketi. Alisimama pale ulipoweka mizigo yako, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Njeri, nimemuuzia nani sweta?"

Nikajaribu kueleza. Nikasema ni kosa la fomu, nikasema ni lugha, nikasema afisa alinielewa vibaya. Aliniacha nikamaliza yote.

"Nilikupa ng'ombe," akasema. "Jina langu pia nilikupa, ukampe mtoto. Sikukupa ulifanye pango la kujificha."

Akakataa kulala. Ndiyo sababu Krismasi ile hakutuma viazi wala hatukwenda, na uliponiuliza nikakudanganya kwamba barabara imeharibiwa na mvua. Wanasema majuto ni mjukuu. Kwangu yalikuwa mama na mjukuu pamoja.

Baadaye alinisamehe, unavyomjua hawezi kukaa na kinyongo na mtu aliyemzaa. Lakini ni mimi niliyeng'oa kibao, si upepo kama nilivyokuambia. Nilidhani nikiondoa bati nimeondoa na jambo lenyewe. Namba ya kodi nikaacha kuitumia. Mwalimu mkuu akachukua sweta zake duka la mjini, nami nikabaki na akina mama wa Jumamosi. Ungedhani biashara ikifa faili nayo hufa. Haifi, maitu. Kufunga nako huandikwa, na mimi sikuandika. Faili lilikaa mahali fulani mjini, kwenye rafu, likiwa na jina lako, likiongezeka uzito kila mwezi wakati wewe unasoma kwa taa ya chemni ukitafuta kufaulu.

Nimefika kwenye jambo lenyewe.

Mwezi uliopita, siku ya Jumanne, niliitwa posta kutia sahihi barua za rejista. Zilikuwa mbili, zote za kaki, zote za serikali, zote za Wairimu Njeri. Nilizifungua palepale kwenye ngazi, Mungu anisamehe, sikuweza kungoja. Moja ilikuwa ya kukuajiri. Unakumbuka nilivyokuja nikipiga vigelegele toka kona ya duka, Mama Akinyi akatoka na mwiko mkononi. Ya pili ilikuwa ya kodi. Ilisema Wairimu Njeri anadaiwa, na asipofika atachukuliwa hatua. Nilikupa ya kwanza. Ya pili niliitia chini ya gunia la uzi, na juu yake nikaketi nikakufumia hiyo sweta ya buluu uliyoipakia jana.

Kwa wiki tatu nilikutazama ukipiga pasi nguo zako huku nikiwaza. Unakwenda kufanya kazi ya serikali. Huko utajaza fomu na kutia sahihi kwamba huna biashara na hudaiwi. Siku moja karani mwenzako atafungua faili lingine na kukuta kwamba mtu mwenye jina hilohilo alifuma sweta, akala kodi, akajificha. Nani atakuamini ukisema ulikuwa darasa la sita? Na ninavyokujua, ungesema hata hivyo? Ungenyamaza ulipe, kwa sababu una kichwa kigumu na unanipenda. Hilo ndilo lililonikosesha raha.

Ijumaa, nilipokuambia nakwenda kutafuta uzi Gikomba, nilikwenda kwenye ofisi ya kodi. Nilipanga foleni ileile ya zamani. Aliyenihudumia ni msichana wa rika lako. Alilitafuta faili mpaka akavunjika ukucha mmoja, akalileta limejaa vumbi. Nikamwambia yote, na nikamwonyesha kitambulisho changu na cheti chako cha kuzaliwa. Alihesabu miaka kwa vidole, akanitazama, akainama karibu.

"Mama, nakuambia kama mtoto wako," akasema. "Ukiandika hivyo unavyosema, hii yote inakuwa yako, na faini yake. Lakini kama ni binti yako mwenyewe atakuja aseme alikuwa mtoto, wanaweza kuifuta kabisa. Hakuna mtu atalipa."

"Na yeye ataitwa hapa?"

"Lazima aitwe. Ataulizwa maswali."

"Na kazini kwake watajua?"

Akapangusa vumbi kwenye faili. "Wanaweza kujua."

Nitakuambia ukweli, nilikaa kwenye benchi lao nusu saa nikilitafakari hilo. Hata hapo, hata baada ya cucu yako na risiti zake, nilijikuta napiga hesabu ya jinsi utakavyonisaidia. Ungekuja siku moja tu, useme maneno machache tu. Ujanja ni kama harufu ya samaki, unanawa na bado upo. Kisha nikarudi dirishani nikaomba karatasi.

Nimeandika kwamba biashara ni yangu, pesa nilikula mimi, na wewe ulikuwa mtoto uliyeandika ulichoambiwa. Mkubwa wao akanisomea, nikatia sahihi, safari hii kwa herufi zinazosomeka. Nitalipa kidogo kidogo kila mwezi. Wameiandika mashine kama mali yangu, na nikikosa kulipa watakuja kuichukua. Sikuweza kuwabembeleza waiache.

Laiti ningeweza kukuambia kwamba yameisha. Hayajaisha. Mkubwa yule alisema faili litapelekwa juu, na kubadilisha jina kunaweza kuchukua mwaka, labda zaidi, na kwamba barua nyingine inaweza kutoka kabla hawajabadilisha. Kwa hiyo unaondoka kesho ukiwa bado na deni langu kwenye jina lako. Nimefanya nilichoweza na nimechelewa kukifanya. Naogopa, Wairimu. Naogopa utaitwa mbele ya wakubwa wako mwezi wa kwanza tu wa kazi, ukiwa umevaa sweta niliyokufumia juu ya barua hiyo.

Nina mambo mawili ya kukuomba, na ni magumu yote mawili.

La kwanza, usilipe. Najua utapiga hesabu kwenye treni, utasema mshahara wangu wa miezi kadhaa utamaliza jambo hili na mama atalala. Usilipe hata shilingi. Ukilipa umekubali kwamba Wairimu yule ni wewe, na itakuwa hivyo maisha yako yote. Mshahara wako wa kwanza nunua viatu vizuri, halafu umpelekee cucu yako blanketi.

La pili, wakikuita usinifiche. Hapa ndipo ninapokuogopa zaidi, kwa sababu umelelewa kunifunika. Mtoto mwema hamtoi mama yake, watu wote wa mtaa huu watakuambia hivyo, na mimi mwenyewe nilikufundisha hivyo. Leo nakuambia kinyume. Simama mbele yao, taja jina langu lote, Njeri binti Kamau, wa Bahati, fundi wa sweta. Sema ni yeye aliyekula, ni yeye aliyedanganya, na barua yake ya kukiri iko mjini. Usilainishe. Usiseme alikuwa maskini, usiseme alikuwa peke yake. Wanawake wa Mathare walikuwa maskini kuliko mimi, na deni nililowadai walilimaliza, Jumamosi kwa Jumamosi.

Barua ile ya kaki nimeikunja ndani ya hii, usije ukasema sikukuonyesha. Nitaziweka kwenye kikapu cha chakula, chini ya chapati, na nitakuambia usikifungue mpaka mpite Limuru. Sitaki uisome hapa ukanitazama. Ukimaliza, kasirika. Kasirika mpaka Nakuru, mpaka Kisumu ukitaka, na kama hutaniandikia mwezi mzima nitajua ni kwa nini, sitamuuliza Mama Akinyi.

Nasikia sauti yako nje bombani, unacheka na mtu. Nafunga hapa, kwa sababu ukiingia utaniuliza naandika nini, na nikikutazama usoni nitasema naandika daftari.

Ni mimi niliyekuandika,
Njeri, mama yako.